Projekta Hufa kwa Mpira na Plastiki, si kwa Chuma

Ndugu mwenyekiti, watunza nyaraka, walimu, mafundi wenzangu: wakubwa shikamooni, vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuzifanya projekta kongwe za filamu ziendelee kufanya kazi, na spea zake zinapatikana wapi. Nitakaa zaidi kwenye projekta za milimita 16, kwa sababu ndizo zilizojaa kwenye stoo zetu. Kodak waliitoa filamu ya kipimo hicho mwaka 1923, na huku kwetu haikuchelewa: majaribio ya sinema ya elimu yaliyofanyika Vugiri, kwenye milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937 yalitumia milimita 16. Baadaye yakaja magari ya sinema, vyuo vya ualimu, misheni, idara za kilimo na za afya, na kila waliposimama waliacha mashine. Za milimita 35, zile za majumba ya sinema, nitazigusa kidogo tu mbele ya safari, maana zina tabia zake.

Hoja yangu ni moja. Mtu akikuta projekta ya mwaka 1975 haizunguki, hudhani imechakaa kwa kazi. Mara nyingi sivyo. Mashine ya shule ilifanya kazi saa chache kwa muhula, na chuma chake mpaka leo ni kizima. Kilichokufa ni mpira, plastiki, kapasita na grisi, tena vimefia kabatini bila kuguswa na mtu. Ukilishika hilo, utafutaji wa spea unabadilika kabisa. Kuna vitu usivinunue vya zamani hata ukipewa kwenye boksi lake la kiwandani, kuna vitu ambavyo huvipati popote ila kwenye mwili wa projekta nyingine, na kuna vitu vya kununua leo na kuweka akiba.

Tuanze na mashine iliyotolewa stoo. Usiichomeke kwenye umeme. Toa balbu, fungua kifuniko cha nyuma, tafuta nobu ya kuzungushia kwa mkono, uizungushe polepole kuelekea mbele huku ukitazama lango la filamu, pale filamu inapopita mbele ya taa. Kucha, yale meno madogo yanayoishusha filamu picha moja moja langoni, zinatakiwa zichomoze, zishuke, zirudi ndani, zipande, bila mahali pa kukwama. Magurudumu ya meno, yale yanayovuta filamu juu na chini, yazunguke pamoja nazo. Nobu ikigoma, usitumie nguvu. Grisi ya zamani hukauka ikawa kama nta, na ukilazimisha utavunja plastiki iliyokuwa inangoja kisingizio tu. Ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, weka tone moja la mafuta mepesi kwenye kila beringi, uiache mpaka kesho yake.

Mafuta yenyewe ni ya cherehani, tone moja au mawili kwa kila beringi ya shaba. Vipande vya sufi vinavyogusa kemu, yale magurudumu yasiyo ya duara yanayoziendesha kucha, vishibishwe mpaka vilowe bila kudondosha. Gia za plastiki zipakwe grisi ya lithiamu nyeupe, kidogo sana. Mafuta ya nazi na ya kupikia yana historia ndefu kwenye mashine hizi na historia hiyo haifurahishi: kwa joto la taa hugeuka ulimbo. Na WD-40 kazi yake ni kulegeza nati iliyoshika kutu. Ukiipulizia kwenye beringi, inaosha mafuta yaliyobaki, halafu yenyewe inakauka na kuondoka. Mafuta yakizidi nayo ni hasara, kwa kuwa hurukia filamu na kuteleza kwenye mikanda.

Kabla ya umeme, kagua waya. Weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye pini ya erthi ya plagi, nyingine kwenye chuma cha mwili: usome chini ya omu 1. Kisha kati ya pini za umeme na mwili: usisome kitu kabisa. Mashine nyingi za zamani zilikuja na waya wa nyuzi mbili, bila erthi. Badilisha waya wote, uweke wa nyuzi tatu. Halafu unapowasha mara ya kwanza, pitisha umeme kwenye balbu ya kawaida ya wati 100, ile ya waya wa moto, iliyofungwa mfululizo na mashine. Kama kuna shoti, balbu itawaka kwa mwanga wake wote na mashine haitaungua. Kama ni nzima, balbu itamulika kidogo mota ikiamka, kisha ififie.

Mkiwa pwani, kuna kitu kimoja zaidi cha kutazama kabla ya kuwasha. Karibu na swichi au mota huwekwa kapasita za kuzuia kelele za redio. Zile za miaka ya 1970 na 1980 zenye ganda la manjano linaloonyesha ndani hupasuka nyufa ndogondogo, unyevu unaingia kwenye karatasi yake, na dakika chache baada ya kuwasha hulipuka moshi mzito wenye harufu mbaya. Zikate bila hata kuzipima. Weka mpya za aina ya X2, volti 275 za AC, zenye idadi ileile ya mikrofaradi. Fundi yeyote wa televisheni anazo. Mota inayonguruma bila kuanza, lakini ukiisukuma kwa mkono inaondoka, nayo inalilia kapasita: hiyo ya mota iwe na mikrofaradi zilezile zilizoandikwa, volti 400 au 450 za AC.

Sasa suala la mashine za Marekani. Tunaletewa misaada, au tunanunua mtandaoni, na mashine inakuja ya volti 120 na hezi 60. Watu wanafunga transfoma, wanafurahi, halafu wanashangaa mbona waimbaji wamekuwa na sauti za mazishi. Transfoma hubadilisha volti. Hezi haizigusi. Mota za mashine hizi hufuata hezi, na umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo picha 24 kwa sekunde zinakuwa 20. Dawa yake ni puli ya mota yenye kipenyo kilichoongezwa mara 1.2: iliyokuwa milimita 20 iwe 24, na kama ni ya meno, iliyokuwa na meno 10 iwe na 12. Baadhi ya watengenezaji waliuza puli ya hezi 50 kama spea, na ukiikosa, fundi wa kereza anaichonga kwa alumini asubuhi moja. Transfoma ya nje iwe na nafasi, VA 750 au zaidi, na itoe 110 badala ya 120, kwa kuwa transfoma ya ndani iliyoundwa kwa hezi 60 huchemka zaidi ikipewa 50. Mashine za zamani zaidi zenye mota ya kaboni na gavana, yaani kidhibiti kasi, hazina shida hiyo. Zenyewe humaliza kaboni tu, na kaboni ya drili hupunguzwa kwa tupa ikaingia.

Kasi usiipime kwa sikio. Tengeneza kitanzi cha filamu isiyo na thamani chenye picha 144 kamili, ambacho ni kama mita 1 na sentimita 10, uweke alama ya kalamu mahali pamoja. Kwa kasi ya 24, kitanzi hicho kinamaliza mzunguko kwa sekunde 6. Hesabu mizunguko 10: sekunde 60 maana yake mashine iko sawa, sekunde 72 maana yake una puli ya Kimarekani, na muda unaoyumba kila ukipima maana yake mkanda unateleza.

Nimefika kwenye ugonjwa ambao kila mwenye Bell & Howell ya jamii ya TQ, projekta ya milimita 16, atakutana nao, kama bado hajakutana nao. Ndani ya mashine hiyo, kwenye shafti kuu inayobeba shata, ile inayokata mwanga filamu inaposogea, na kemu za kucha, kuna gia ya plastiki yenye mchongo wa kuzunguka kama uzi wa boliti. Gia hiyo ndiyo inayozungusha magurudumu ya meno ya juu na ya chini. Plastiki yake husinyaa kadiri miaka inavyokwenda, lakini chuma kilicho katikati hakisinyai, basi inajibana yenyewe mpaka inapasuka. Haihitaji kufanya kazi ili ipasuke. Dalili zake: mota inazunguka, taa inawaka, kucha zinapiga, lakini magurudumu ya meno yanasita au yamesimama, unasikia tiki, tiki, tiki, kitanzi cha filamu, ule ulegevu unaoachwa juu na chini ya lango, kinapotea kila baada ya sekunde chache, chini ya mashine unakuta chembe za plastiki.

Ndiyo maana nasema usinunue gia ya zamani "mpya". Gia iliyotengenezwa mwaka 1978 ikakaa kwenye boksi imesinyaa kama iliyokuwa ndani ya mashine. Ukiifunga leo, mwakani utaifungua tena. Nunua iliyotengenezwa miaka hii. Wapo mafundi Marekani na Ulaya wanaozichonga upya, na huuza gia pamoja na skrubu zake. Za plastiki ya asetali napendelea mimi. Za shaba zipo na zinadumu, lakini siku filamu ikikwama, gia ya shaba haitakubali kuvunjika, na kitakachokwenda ni gia ndogo zinazoshikana nayo, ambazo hupati kirahisi. Za kuchapwa kwa printa ya 3D kwa plastiki ya PLA, tafadhali ziacheni: karibu na taa ya wati 250 PLA inalainika.

Kuibadilisha ni kazi ya nusu siku kwa mkono uliozoea, siku nzima kwa anayeanza. Shafti lazima itoke yote. Piga picha kila hatua. Kabla ya kulegeza chochote, zungusha nobu mpaka kucha ziwe zimeingia ndani kabisa ya filamu zikianza kushuka, kisha weka alama ya kalamu ya wino usiofutika kwenye shata na kwenye mwili, zikielekeana. Kemu na washa zake nyembamba zinapotoka, zichomeke kwenye kipande cha waya kwa mpangilio na upande uleule zilivyotoka; washa moja ikibadilika nafasi, kucha hazitafika kwenye tundu au zitafika na kukwaruza. Chambua vipande vyote vya plastiki iliyovunjika, maana kimoja kikibaki kwenye grisi kitaingia kwenye gia mpya. Kagua na gia ndogo mbili zinazoendeshwa: meno yakiwa yamelika upande mmoja, zibadilishe hapohapo, kwa sababu gia mpya juu ya meno mabovu haina maisha. Ukirudisha, zungusha kwa mkono mizunguko hamsini kabla ya kufikiria umeme.

Kisha weka filamu yenye maandishi meupe juu ya weusi. Kama herufi zina mkia mweupe wa kwenda juu au wa kwenda chini, shata inafunguka mapema au inafunga kwa kuchelewa, filamu ikiwa bado inatembea. Rudi kwenye alama yako. Mikia ya pande zote mbili mara nyingi huonyesha kwamba kucha zimelika na zinaiachia filamu ijongee baada ya kusimama.

Mikanda ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mkanda ulioyeyuka ukawa lami mweusi, uufute kwa alkoholi ya isopropili na vijiti vya pamba, ukiwa na glavu, kwa sababu rangi yake haitoki kwenye kucha za vidole wala kwenye shati. Usihangaike kuutafuta kwa namba ya kiwanda. Kwa mkanda wa duara au wa mraba, zungusha uzi kwenye njia yake yote, pima, punguza asilimia 5, gawanya kwa 3.14, na kipenyo utakachopata ndicho kipenyo cha ndani cha o-ringi. Uzi wa milimita 520 unakuwa 494, ukigawanya unapata 157. Nenda maduka ya beringi, ya Gerezani pale Dar es Salaam au ya Kirinyaga Road kule Nairobi, uombe o-ringi ya nitrili ya kipenyo hicho yenye unene wa mkanda wako. Ikikosekana, upo mkanda wa duara wa poliurethani unaouzwa kwa mita, unaokatwa na kuunganishwa kwa kisu cha moto. Huo unakaza zaidi, kwa hiyo usiuweke kwenye mkono wa kukunjia filamu bila kuujaribu: ukivuta kupita kiasi unachana matundu.

Mikanda ya meno, ambayo utaikuta kwenye Eiki na nyinginezo za Kijapani, isomwe kwa namba tatu: umbali kati ya jino na jino, idadi ya meno, na upana. Pima meno kumi kwa pamoja. Ukipata milimita 20.3 ni aina ya MXL, 50.8 ni XL; 30 kamili ni ya hatua ya milimita 3. Tia chaki kwenye jino moja, hesabu mpaka urudi hapo. Mikanda ya namna hii hutumika kwenye printa na mashine za ofisi, imejaa mjini. Ya springi ya chuma, ile mirefu ya Bell & Howell, haiozi. Ioshe kwa petroli, ikilegea kata pete tatu nne uiunganishe tena.

Magurudumu ya mpira ni habari nyingine. Eumig, kampuni ya Austria iliyoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilitegemea gurudumu dogo la mpira kupokea mzunguko wa mota, na mpira huo leo ama umekuwa mgumu kama kwato au umelainika. Ukiwa mgumu tu, msasa mwembamba namba 400 unaweza kuupa uhai wa muda. Ukiwa umelainika, utoe wote, peleka kitovu chake kwa fundi wa kereza achonge mfereji, ufunge o-ringi nene na kuibandika. Na tangu siku hiyo usiiache mashine ikiwa kwenye gia wakati haifanyi kazi, kwa sababu mpira ukikandamizwa mahali pamoja wiki nzima unafanya bapa, na bapa linasikika kama mtu anapiga hodi.

Balbu. Hapa watu hupoteza hela nyingi. Balbu za projekta zina herufi tatu zilizokubaliwa kimataifa, na hizo ndizo za kutafuta, si jina la mashine. ELC ni volti 24 na wati 250. EJL ni volti 24 na wati 200. EFP ni volti 12 na wati 100. EFR ni volti 15 na wati 150. Ukiandika "balbu ya projekta ya zamani" muuzaji anakuletea bei ya makumbusho. Ukiandika ELC, unaingia kwenye soko la taa za disko, ambako balbu hiyohiyo ilitumika kwa miaka mingi. EFR na EFP zipo kwa wauzaji wa vifaa vya hospitali na maabara, kwenye vyanzo vya mwanga vya hadubini na vya kuchungulia tumbo. Balbu ya dukani ya dari, yenye kioo cha sentimita 5 kinachofanana sana, haifai: kioo chake hutawanya mwanga, wakati cha projekta huukusanya kwenye nukta moja langoni. Utapata doa katikati na giza pembeni.

Balbu haiozi, kwa hiyo hiki ndicho kitu cha kuhodhi. Nunua kumi mkiweza. Na zitunzwe: usiguse kioo kwa vidole, usiisogeze mashine balbu ikiwa moto, na tumia stabilaiza. Volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, maisha ya balbu yanakaribia kukatika nusu, na ELC ya kawaida ilishakuwa ya saa 50 hivi tangu mwanzo. Kama mashine ina swichi ya mwanga mdogo, itumie kwenye chumba chenye giza la kutosha. Balbu zikiungua upesi mfululizo, tazama soketi: wati 250 kwa volti 24 ni zaidi ya ampea 10, na pini iliyopauka au kulegea hupata joto, hucheza cheche, huua balbu ya pili na ya tatu. Soketi ya kauri ya GX5.3 ni spea ya bei ndogo. Ibadilishe pamoja na sentimita kumi za waya ulioungua.

Wengine wataniuliza kuhusu LED. Inawezekana, na inaiokoa filamu na joto. Sharti moja tu la lazima: umeme wake uwe wa DC tulivu. Vipunguza mwanga vinavyowasha na kuzima LED kwa kasi vitagongana na shata, ambayo nayo hukata mwanga mara 48 au 72 kwa sekunde, na ukuta utapepesa mpaka watazamaji waumwe kichwa.

Sauti ya macho, ile iliyochapwa pembeni mwa filamu na kusomwa kwa mwanga, ina balbu yake ndogo, mara nyingi ya volti 4 na ampea 0.75, inayopita kwenye mwanya mwembamba, kwenye filamu, ikaangukia seli ya mwanga. Sauti isiposikika, usikimbilie amplifaya. Washa, ongeza sauti, chukua kipande cha karatasi ngumu ukipunge kati ya balbu ndogo na seli. Ukisikia mapigo kwenye spika, amplifaya na seli ni vizima, na tatizo liko kwenye filamu au kwenye uchafu wa lenzi ya mwanya. Usiposikia kitu, tazama kwanza kama balbu ndogo inawaka, hata kwa mwanga hafifu. Mngurumo mzito usiobadilika, wa hezi 100, ni kapasita za kuchuja zilizokauka; badilisha zote kwa pamoja, mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, za nyuzi joto 105. Sauti inayoyumba kama kaseti iliyovutika ni dramu ya sauti: gurudumu zito lililo nyuma yake linatakiwa lizunguke lenyewe kwa muda ukilisukuma kwa kidole, na likisimama mara moja, beringi yake imekauka.

Balbu ndogo ikiwa haipatikani, LED nyekundu yenye mwanga mkali inafanya kazi nzuri: volti 5 za DC zilizochujwa, rezista ya omu 150, kama miliampea 20. Nyeupe inakatisha tamaa, kwa kuwa seli hizi huona zaidi upande wa wekundu.

Projekta nzima haisaidii kama filamu ni mbovu. Filamu husinyaa, hasa ile inayonuka siki, na harufu hiyo ni asidi inayokula pia chuma cha mashine jirani, basi zitengeni. Pima hivi: hesabu matundu 101, pima kutoka ukingo wa tundu la kwanza mpaka ukingo uleule wa tundu la 101. Filamu mpya ya kuonyeshea hutoa milimita 762. Ikishuka chini ya 756, ipitishwe tu kwenye mashine yenye njia laini na mtu asimame kando yake. Chini ya 754 isipitishwe kwenye projekta kabisa, ipelekwe kuskaniwa. Na lango lisafishwe kila rili, kwa mswaki na kijiti cha mbao. Utando wa picha hujenga vigaga vidogo pale filamu inapokandamizwa, na kigaga kimoja huchora mstari wa urefu wa mita 120. Bisibisi isikaribie lango. Mkwaruzo wa bisibisi hauondoki tena.

Za milimita 35 kwa ufupi. Moyo wake ni gia iitwayo msalaba wa Malta, inayooga kwenye mafuta na kuzungusha gurudumu la meno 16 robo mzunguko kwa kila picha, mara 86,400 kwa saa. Tazama kioo cha mafuta kabla ya kila onyesho, na mafuta yakiwa na chembe za chuma zinazometa, zima. Meno ya gurudumu yakijipinda kama ndoana, magurudumu mengi yanageuzwa upande wa pili na kupata maisha mengine. Balbu ya xenon ina shinikizo hata ikiwa baridi, na hailegezwi bila ngao ya uso na glavu nene. Filamu za 35 za kabla ya mwanzo wa miaka ya 1950 zinaweza kuwa za nitrati, ambayo hushika moto kirahisi sana. Hizo hazionyeshwi na hazikai jengo moja na watu, ziitiwe wataalamu wa nyaraka. Nyumba za taa za kaboni zina insulesheni ya asbesto mara nyingi, kwa hiyo msizipulize vumbi kwa kompresa.

Nimalizie na spea ambazo hazitengenezwi tena na hakuna wa kuzichonga kirahisi: kucha, kemu, lenzi, lango, gurudumu la meno. Hizi zinatoka kwenye mashine ya wafu, tunayoiita mhisani. Projekta mbili za modeli moja zina thamani kuliko nne za aina nne, kwa hiyo taasisi ichague jamii moja na kuachana na nyingine kwa kubadilishana na wenzake. Andikeni kwenye vyuo vya ualimu, dayosisi, vituo vya elimu ya afya, mwombe hasa zile mbovu, kwa sababu nzuri hakuna anayekubali kuitoa. Kwa muuzaji wa mtandaoni, dai vitu vinne: picha ya kibao cha modeli chenye volti na hezi, picha ya lango likiwa wazi, picha ya lenzi ikimulikwa kwa tochi ili ukungu uonekane, na video ya mtu akizungusha nobu kwa mkono huku magurudumu ya meno yakionekana. Neno "inawaka" halitoshi. TQ yenye gia iliyopasuka nayo inawaka.

Mhisani akifika asichinjwe siku hiyohiyo. Toa mpira na plastiki yote utupe, pangusa chuma kwa mafuta mepesi, lenzi uiweke kwenye chupa yenye silika jeli, na mwili ubaki umefungwa kama ulivyo, skrubu zote mahali pake, na karatasi juu yake inayoeleza kilichotolewa na tarehe. Mwili uliofungwa hauna cha kupotea. Kopo la skrubu mchanganyiko halimsaidii mtu.

Mashine mbili zilizo mezani zimechomolewa umeme na vifuniko viko wazi. Moja ni TQ yenye gia iliyopasuka, nyingine ni Eiki isiyo na mkanda. Tujigawe makundi mawili. La Eiki lianze kwa kupima meno kumi.